Mto Sosiani: Serikali ipime mwani, si maji pekee

UCHAMBUZI

KILA mwaka ifikapo Januari, mahindi ya Uasin Gishu yakiwa yamekwisha kuvunwa na jua la kiangazi likiwa kali, Mto Sosiani hupungua hadi mawe yaliyo chini yake yakaonekana. Kuanzia viungani mwa Eldoret hadi upande wa Turbo, takribani kilomita 35 kaskazini-magharibi kwenye barabara kuu iendayo Malaba, mawe hayo huvikwa utando wa kijani wenye utelezi. Mchotaji maji huukwepa asije akaanguka. Mfugaji haujali, maadamu ng'ombe wake wanakunywa. Naye afisa wa serikali ajaye kuukagua mto huijaza chupa yake maji, akaondoka bila ya kuutupia jicho.

Utando huo ni mwani wa mtoni. Ni mimea midogo mno, mingine isiyoonekana kwa macho matupu, inayojishikiza kwenye mawe na kuishi kwa mwanga wa jua na kwa vyote vinavyoletwa na maji. Hoja ya makala haya ni kwamba kiumbe huyo anayedharauliwa anaijua hali ya Mto Sosiani kuliko ile chupa ya afisa, na kwamba maadamu wakuu wetu wanaendelea kuyapima maji peke yake, wakazi wa Turbo na wote walio chini yao wataendelea kuambiwa habari ambazo ni kweli kwa siku moja na si kweli kwa mwaka mzima.

Maji hupita, mwani hubaki

Mwani hauna mizizi ya kufyonza chakula ardhini. Kila unachokihitaji unakipata katika maji yanayoupitia usiku na mchana. Kuta za seli zake zina chaji hasi ya umeme, ilhali metali nyingi zilizoyeyuka majini, kama vile risasi, shaba, zinki na kadimiamu, zina chaji chanya. Kwa hiyo kuta hizo huzivuta metali na kuzinasa. Kunasa huko huanza katika muda wa dakika na saa chache. Kisha, polepole na kwa siku kadhaa, sehemu ya metali hizo huingia ndani ya seli zenyewe.

Matokeo yake ni kwamba mwani hujilimbikizia elementi za kikemikali kwa kiwango kinachoweza kuzidi cha maji mara mamia au maelfu. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme maji yana miligramu 0.005 za risasi katika kila lita. Kiasi hicho ni kidogo hivi kwamba mashine ya maabara ya kawaida yaweza kushindwa kukipima kwa uhakika. Mwani ukikilimbikiza mara 1,000, kila kilo ya mwani uliokaushwa itakuwa na miligramu 5 za risasi, na hapo hakuna mashine itakayoshindwa.

Si elementi zote zinazokusanywa na mwani zilizo sumu. Naitrojeni na fosforasi ni chakula chake. Chuma, zinki na shaba huhitajika kwa viwango vidogo na viumbe karibu wote, mwanadamu akiwamo. Risasi na kadimiamu, kwa upande mwingine, hazina faida yoyote inayojulikana katika mwili wa mtu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachoweza kusemwa kuwa ni salama, hasa kwa watoto, kwa kuwa hudhuru ukuaji wa akili.

Ndiyo maana wataalamu wa mito husema kwamba mto una mashahidi watatu. Maji husimulia yaliyotokea saa hii. Mwani husimulia yaliyotokea majuma machache yaliyopita. Matope ya chini husimulia yaliyotokea kwa miaka. Anayemsikiliza shahidi mmoja hana kesi kamili.

Kalenda ya mto

Ushahidi wa mwani hubadilika kwa majira, na hapa ndipo mambo yanapohitaji uangalifu.

Kati ya Desemba na Machi, mvua zikiwa zimekatika, maji ya Sosiani ni machache, meupe na ya polepole. Mwanga hufika hadi kwenye mawe na mwani hunenepa. Wakati uo huo, majitaka na maji machafu ya gereji, ya viwanda na ya mitaa hayapungui kwa sababu ya kiangazi. Mji huoga na kufua Januari kama uogavyo na kufuavyo Julai. Uchafu ule ule unapomwagwa katika maji machache, ukali wake huongezeka. Mwani unaoota katika kipindi hiki hubeba alama ya mji.

Machi na Aprili mambo hugeuka. Mvua ndefu huanza, na wakulima wa Turbo, Moiben, Soy na kwingineko huingia mashambani na mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi. Mvua za kwanza huosha kila kilichotuama kwa miezi mitatu: vumbi la barabara kuu, mafuta yaliyomwagika, majivu, samadi na udongo wenyewe. Huu ni mwosho wa kwanza wa mwaka, nao aghalabu ndio mchafu kupita yote. Afisa aliyechota maji juma moja kabla ya mvua hiyo, au juma tatu baada yake, hakuuona kabisa.

Kuanzia Mei hadi Septemba mto hujaa na kuwa mwekundu kwa udongo. Mwanga haufiki chini, mawe hubingirika, na mwani mwingi hukwanguliwa na kusukumwa mbele. Wakati huo wakulima huwa wametia mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kuteremka mtoni. Oktoba na Novemba, mvua zipunguapo na mavuno yakianza, mawe husafika, mwani mpya huota, na kumbukumbu mpya huanza kuandikwa.

Lakini kuna mtego. Mwani ukishiba naitrojeni na fosforasi hukua upesi, na metali zilizomo hugawanyika katika mwili mkubwa zaidi. Kipimo cha metali kwa kila gramu basi huonekana kuwa kidogo, si kwa sababu mto ni safi, bali kwa sababu mbolea na majitaka yameunenepesha mwani. Uchafu mmoja unauficha mwingine. Hii ni sababu tosha kwa nini kipimo cha siku moja, hata kama ni cha mwani, hakitoshi. Ni lazima kipimo kirudiwe kiangazi na masika, mahali pale pale, na kila mara uzito na unene wa mwani wenyewe uandikwe kando ya kiasi cha metali.

Zinatoka wapi elementi hizi?

Si haki kuulaumu mji kwa kila kitu. Uwanda wa Uasin Gishu umetandikwa kwa miamba ya volkano, na udongo wake mwekundu una chuma kingi kwa asili yake. Maji ya mvua yaupitiapo udongo huo hubeba chuma na manganizi, na mwani huvikusanya. Mtu akipima mwani wa Turbo na kukuta chuma kingi, asikimbilie kupiga mbiu ya mgambo. Swali la maana ni je, kiasi hicho kinazidi kile cha juu ya mto, karibu na Msitu wa Kaptagat mto unakoanzia, kabla haujauona mji? Bila ya kipimo cha juu, kipimo cha chini hakina maana.

Kwa elementi nyingine, mkono wa binadamu ni dhahiri zaidi. Zinki hutoka katika mabati na katika matairi yanayolika barabarani. Shaba hutoka katika breki za magari na katika baadhi ya dawa za kuzuia ukungu wa mimea. Risasi imo katika betri za magari, na kwa miaka mingi ilikuwamo katika petroli. Kenya ilikomesha uuzaji wa petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na kufikia mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba hakuna tena nchi duniani inayoiuza kwa magari ya kawaida. Hata hivyo, risasi haiozi. Ile iliyotua kandokando ya barabara ya Mombasa hadi Malaba katika miongo ya malori na matangi ya mafuta yaendayo Uganda ingali inaweza kuoshwa na kila mvua ya kwanza.

Kuna na mbolea. Miamba inayochimbwa kutengenezea mbolea ya fosfeti huwa na kadimiamu, mingine kidogo na mingine nyingi, kutegemea ilikochimbwa. Umoja wa Ulaya uliliona jambo hilo kuwa zito hata ukaweka, kuanzia Julai 2022, kikomo cha miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfeti iliyomo katika mbolea. Mkulima wa Turbo, ambaye tangu mwaka 2022 amekuwa akinunua mbolea ya ruzuku, na ambaye mwaka 2024 alishuhudia kashfa ya mbolea bandia ikilitikisa Bunge, ana haki ya kuuliza kilichomo ndani ya gunia, zaidi ya kuuliza bei yake.

Wanaokunywa na wanaomwagiwa

Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Bwawa la Chebara katika Mto Moiben, na mengine kutoka Bwawa la Two Rivers lililo juu ya mji katika mkondo wa Sosiani. Kwa maneno mengine, mji huchota juu, nao majitaka yake na maji ya mitaro yake huelekea chini. Huko chini ndiko kuliko Huruma, mtaa ambao kwa miaka mingi ulikuwa na jaa kubwa la taka. Mbele yake kuko Turbo. Baada ya hapo Sosiani huungana na Kipkaren, nao Kipkaren huingia Nzoia, mto mkubwa kupita yote inayoingia Ziwa Victoria kutoka upande wa Kenya.

Wakazi wa Eldoret hawana nia mbaya. Ni jiografia tu: kilichotupwa Jumatatu mjini ni cha jirani kufikia Jumanne. Lakini jiografia haiondoi wajibu.

Hatari kwa wakazi wa Turbo haitokani na kula mwani, kwani hakuna aulaye. Hatari iko katika yale ambayo mwani unayaashiria. Kiangazi, wakati ambapo ukali wa uchafu wa mji majini umeongezeka, ndicho kipindi ambacho wakulima wadogo hupiga maji kutoka mtoni kumwagilia sukuma wiki, nyanya na vitunguu vya kuuza. Mvua ikinyesha hawana haja ya mto. Kwa hiyo majira mabaya zaidi ya maji ndiyo majira ya bustani, na mboga hizo hurudi mjini sokoni. Aliyetupa uchafu asubuhi huenda akaununua jioni kwa fungu.

Kadhalika, familia nyingi huamini kwamba maji yakichemshwa yamekwisha kuwa salama. Imani hiyo ni sahihi kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na haifai kuachwa. Lakini metali haziuawi kwa moto. Maji yanapochemka na kupungua, metali hubaki zile zile katika maji machache zaidi. Mama anayechemsha maji ya mto kwa uangalifu mkubwa amefanya alilolijua, ila serikali haijamwambia lililobaki.

Mwani vilevile ni mwanzo wa chakula cha wengine. Konokono na wadudu wa majini huukwangua kwenye mawe, nao huliwa na samaki. Samaki aitwaye ningu, ambaye zamani alivuliwa kwa wingi alipoupanda Mto Nzoia kutoka ziwani kwenda kutaga wakati wa mafuriko, hula kwa kukwangua chini na juu ya mawe. Uvuvi wake ulianguka katikati ya karne iliyopita, na wataalamu waliilaumu mitego ya nyavu iliyotegwa kwenye midomo ya mito. Mto uliokwisha kupoteza samaki wake kwa nyavu hauwezi kumudu pigo jingine la sumu.

Mwishowe yote huishia ziwani. Fosforasi iliyowahi kuwa mbolea Turbo huwa chakula cha mwani wa ziwani, ambako baadhi ya aina za mwani wa bluu-kijani hutoa sumu. Gugumaji lililovamia Ziwa Victoria tangu miaka ya mwanzo ya 1990 limeshiba rutuba iyo hiyo. Mabilioni ya fedha yametumika ziwani, ukiwamo Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Victoria ulioanzishwa na Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 1997. Lakini kulitibu ziwa bila ya kuipima mito yake ni kukausha sakafu huku bomba likivuja.

Sheria na chupa ya maji

Kenya haina upungufu wa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinampa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 iliizaa NEMA. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka viwango kwa vyanzo vya maji ya nyumbani: miligramu 0.05 za risasi kwa lita, 0.01 za kadimiamu, 10 za naitreti, na kadhalika. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inaipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji jukumu la mito, huku kaunti zikiachiwa huduma ya maji na usafi.

Ukizisoma kanuni hizo utaona kwamba viwango vyake ni vya maji. Havisemi lolote juu ya kilichokusanyika katika viumbe wa mtoni. Isitoshe, kiwango cha risasi kilichowekwa mwaka 2006 ni mara tano ya kile kinachopendekezwa na WHO, yaani miligramu 0.01. Hivyo basi yawezekana afisa akachota maji ya Sosiani mwezi Julai, mto ukiwa umejaa, akayapeleka maabara, akapata kwamba kila kitu kimo ndani ya sheria, na akaandika ripoti isiyo na neno hata moja la uongo. Na bado yawezekana mto huo huo mwezi Februari ukawa na hali tofauti kabisa.

Fauka ya hayo, mto hauheshimu mipaka ya kaunti. Turbo ni ya Uasin Gishu, lakini ng'ambo kidogo ni Lugari, Kaunti ya Kakamega, na upande mwingine ni Nandi. Gavana wa kaunti iliyo juu hapigiwi kura na wanaokunywa chini. Hii ndiyo sababu jukumu la kupima halifai kuachiwa kaunti moja moja. Ni kazi ya mamlaka ya kitaifa inayosimamia bonde zima la Nzoia, ikishirikiana na kaunti na vyama vya watumiaji wa maji vilivyoko vijijini.

Ujuzi haukosekani pia. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi walichapisha kipimo cha awali cha kuitathmini afya ya Mto Moiben kwa kutumia wadudu na viumbe wengine wadogo wa chini ya maji. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliopima metali nzito katika maji, katika matope na katika mmea mmoja wa ukingoni mwa Mto Sosiani, Polygonum pulchrum, ili kuona mmea huo unavyozilimbikiza. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopata hati yake mwaka 2013, kipo hapo hapo. Watafiti wamekwisha kuonyesha njia. Linalosalia ni njia hiyo kuingizwa katika kazi ya kila mwaka ya serikali, badala ya kungoja mwanafunzi mmoja apate ufadhili, aandike tasnifu, kisha mto usahauliwe tena.

Nje ya Kenya jambo hili si geni. Agizo la Maji la Umoja wa Ulaya la mwaka 2000 linazitaka nchi wanachama kuipima mito kwa viumbe wake, mwani wa kwenye mawe ukiwamo, kando ya kemia ya maji. Tangu mwaka 1990 nchi nyingi za Ulaya zimekuwa zikikusanya kuvumwitu kila baada ya miaka mitano ili kujua metali zinazoanguka kutoka hewani.

Funzo la Mto Mara na Owino Uhuru

Kwa nini kumbukumbu ya misimu ni jambo la kufa na kupona? Tazama yaliyotokea kwa majirani zetu. Machi 2022, maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakafa. Wananchi wengi walishuku mgodi wa dhahabu ulioko eneo hilo, mahali ambapo mwaka 2009 kulikuwa na malalamiko makubwa kuhusu Mto Tigithe. Kamati ya serikali iliyochunguza ilisema chanzo ni kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, vilivyosukumwa mtoni. Wengi hawakusadiki.

Hatuna nia ya kuamua kesi hiyo hapa. La kujifunza ni kwamba kama pangekuwapo kumbukumbu ya miaka kumi iliyo wazi kwa umma, ya maji, mwani na matope ya mto huo kwa kila msimu, serikali ingeonyesha karatasi na mwananchi angezisoma. Pasipo kumbukumbu, hata ripoti ya kweli huonekana kuwa ya kufunika. Imani ya umma haipatikani kwa kamati ya siku chache baada ya samaki kufa.

Kwa upande mwingine, upo mfano wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi waliathiriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Wakazi hao walifika huko kwa sababu palikuwa na vipimo vya damu na vya udongo. Mahakama haisikilizi harufu ya mto wala rangi yake. Husikiliza tarakimu zilizokusanywa kwa utaratibu.

Linalowezekana

Wapo watakaosema kwamba kaunti zetu zina mahitaji makubwa kuliko kukwangua mawe. Hoja hiyo ina uzito kwa mradi wa mabilioni. Huu si mradi wa aina hiyo. Kinachohitajika ni vituo vinne: kimoja Kaptagat juu ya mji, kimoja mara baada ya mji, kimoja Turbo, na kimoja baada ya Sosiani kuungana na Kipkaren. Katika kila kituo, vigae vya udongo ambavyo havijapakwa rangi vinatiwa mtoni na kuachwa kwa majuma manne hivi. Mwani huota juu yake. Kwa kuwa vigae vyote vilitiwa siku moja, umri wa mwani unajulikana, na mtu halinganishi mwani mkuukuu wa mahali pamoja na mchanga wa mahali pengine. Unakwanguliwa, unakaushwa, unapimwa uzito, kisha unapelekwa maabara. Kazi hiyo irudiwe mara nne kwa mwaka: kiangazi, mvua zianzapo, katikati ya mvua, na wakati wa mavuno.

Ni kweli kwamba mwani haumtaji mkosaji. Hauwezi kusema kama risasi imetoka gereji, jaani au barabarani. Kwa hiyo usitumiwe kumfunga mtu wala kulifunga duka la mtu. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku: hupiga kelele ili wenye mamlaka waamke. Vigae vikiwekwa juu na chini ya mtaro fulani na tofauti ikaonekana, hapo ndipo maji ya mtaro huo yapimwe kisheria, kwa chupa, mbele ya mashahidi. Chupa na mwani havishindani.

Muhimu kupita yote, matokeo yasifungiwe kabatini Nairobi. Yabandikwe katika ofisi ya chifu, yasomwe barazani kwa lugha inayoeleweka, na mkulima aambiwe mwezi gani asitumie maji ya mto kwa mboga na shule iambiwe mwezi gani itegemee matangi ya mvua. Haki ya maji safi iliyoandikwa katika Katiba haina maana kwa mtu asiyejua kilichomo katika ndoo yake.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mto Sosiani bado una nafasi ya kutunzwa. Kiangazi kijacho maji yatapungua tena, mawe yatajitokeza, na ule utando wa kijani utakuwa pale pale ukiendelea kukusanya. Afisa atakapofika na chupa yake, wakazi wa Turbo wana haki ya kumwomba jambo moja la ziada: ainame, akwangue jiwe.